Daktari wa rupia moja: Y. S. Rajasekhara Reddy, kutoka wodi ya Pulivendula hadi kiti cha Waziri Kiongozi

Msafiri wa Deccan (#1)

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi humu ndani mdau mmoja aliandika kwamba daktari akishaingia kwenye siasa, udaktari unabaki kuwa ile "Dk." ya kwenye bango la kampeni, basi. Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona bora lipate uzi wake. Namleta mtu ambaye niliishi chini ya serikali yake miaka mitatu na ushee, na hoja yangu ni kwamba udaktari wake haukuishia kwenye jina. Alifanya kazi hospitali miaka michache tu, lakini kilichompa nafasi kwenye kumbukumbu za watu kilitokea wodini.

Ni Yeduguri Sandinti Rajasekhara Reddy, Waziri Kiongozi wa jimbo la Andhra Pradesh, India, kuanzia 2004 hadi 2009. Kule kila mtu anasema YSR tu. Mimi nilifika Hyderabad mwaka 2006 kwa masomo, wakati ule Telangana haijajitenga, jimbo likiwa moja lenye watu zaidi ya milioni 76 kwa sensa ya 2001. Nchi nzima kwa hesabu zetu, ila wenyewe wanaliita jimbo.

Alizaliwa 8 Julai 1949 katika wilaya ya Kadapa, ukanda wa Rayalaseema. Ukanda mkavu ule. Karanga zinakaukia shambani, mkulima anachimba kisima kirefu kwa mkopo, kisima kikikosa maji mkopo haukosi riba. Shikeni hapo kwenye mkopo, tutaparudia. Rayalaseema pia ina historia mbaya ya makundi yanayowindana kwa vizazi, kwa mapanga na mabomu ya kutengeneza nyumbani. Baba yake, Raja Reddy, alikuwa mtu mzito pale Pulivendula, mwenye shughuli za madini ya bariti, na familia ilikuwa ndani ya uhasama huo. Siwafichi, kwa sababu anayemsimulia YSR kama malaika aliyeshuka na kipimo cha mapigo ya moyo shingoni anawadanganya.

Udaktari aliusomea Gulbarga, jimbo la jirani la Karnataka, M. R. Medical College. Mafunzo ya vitendo akayafanyia Tirupati, na huko wenzake wakamchagua kuongoza chama cha madaktari wa mafunzo. Siasa ilianzia hapo hapo kwenye koti jeupe. Akafanya kazi kwa muda hospitali ya misheni ya Jammalamadugu, halafu 1973 familia ikafungua hospitali ya vitanda 70 Pulivendula, yenye jina la baba yake. Humo ndimo alimopata lile jina la daktari wa rupia moja, maana mgonjwa alimwona kwa rupia moja.

Mwaka 1978 akagombea ubunge wa bunge la jimbo kwa Pulivendula, hajafikisha hata miaka 29. Akashinda. Na kuanzia siku hiyo hadi anakufa hakuwahi kushindwa uchaguzi wake mwenyewe: mara sita bunge la jimbo, mara nne bunge la Delhi kupitia Kadapa.

Nitaendelea jioni, nina zamu ya kazi.

---

Mkulima Halisi (#2)

Mkuu umekatia patamu. Nina swali la haraka. 1978 mpaka 2004 ni miaka 26. Huyo mtu mshindi kila uchaguzi, ilikuwaje akae nje ya kiti muda wote huo?

---

Nesi wa Zamu (#3)

Kaka Msafiri, asante kwa uzi. Niseme kitu kabla hujarudi.

Unasema alifanya kazi "miaka michache tu" kana kwamba ni kidogo. Mimi nimekaa wodi ya wilaya. Miaka mitano ya hospitali ya vitanda 70 vijijini, daktari mmoja au wawili, inamaliza kila kitu. Humo unazalisha, unashona waliokatwa panga, unamwongeza maji mtoto wa kuhara usiku wa manane. Na kuna jambo unajifunza ambalo chuoni hawalifundishi: siku unamwandikia mgonjwa rufaa, ukamwona baba mtu anaikunja ile karatasi polepole na kuitia mfukoni, unajua kabisa haendi popote. Rufaa imeandikwa, nauli hakuna, na huko aendako pesa ya upasuaji hakuna.

Kama huyu aliandika rufaa za namna hiyo, ningependa kujua alizikumbuka alipopata madaraka, au alizisahau kama wengine.

---

Msafiri wa Deccan (#4)

Dada Nesi, umeenda moja kwa moja kwenye kiini cha uzi. Nianze na Mkulima kwanza.

Chama chake kilikuwa Congress, na Congress ya enzi zile Waziri Kiongozi alipangwa Delhi. Aliwahi kuwa waziri katika serikali ya jimbo kati ya 1980 na 1983, akaongoza chama jimboni kwa awamu mbili, lakini wakubwa walimwona msumbufu, mtu mwenye kundi lake. Chama kiliposhinda 1989 kilibadilisha Mawaziri Viongozi watatu ndani ya miaka mitano, na yeye hakuwa mmojawapo. Mei 1998 baba yake aliuawa kwa mabomu. Mwaka uliofuata akaongoza chama kwenye uchaguzi, wakashindwa na N. Chandrababu Naidu, aliyekuwa Waziri Kiongozi, akabaki kiongozi wa upinzani.

Naidu ndiye aliyeipa Hyderabad jina duniani kwa kompyuta. Majengo ya vioo ya HITEC City ni ya wakati wake, na aliyafanyia kazi kweli, simpunguzii. Ila nje ya jiji mambo yalikuwa mengine. Ukame ulifululiza, bili za umeme wa pampu zikapanda, na wakulima walikuwa wanajiua kwa dawa zile zile za kunyunyizia pamba.

Tarehe 9 Aprili 2003 YSR akaanza kutembea kwa miguu. Alianzia Chevella, karibu na Hyderabad, akaelekea Ichchapuram, mpakani na jimbo la Orissa (sasa Odisha), kaskazini kabisa. Kilomita zaidi ya 1,400, siku zaidi ya 60, na Mei ya 2003 ndiyo ile Mei ya joto lililoua watu zaidi ya elfu moja katika jimbo hilo. Mwanaume wa miaka 53 anatembea barabarani kwenye nyuzi 40 na kitu. Maeneo ya Rajahmundry joto lilimwangusha, akalala siku kadhaa, akainuka akaendelea.

Watu walimfuata barabarani na vyeti vyao vya hospitali. Hili nimesimuliwa na mlinzi wa hosteli yetu, mzee wa kutoka Nalgonda aliyemwona akipita. Alisema wengine walikuwa wanalalamikia maji na umeme, lakini kulikuwa na wanawake walionyoosha picha za eksirei juu, na yeye alizishika akaziinua kwenye mwanga wa jua kuzisoma, akasimama hapo barabarani na msafara wote ukasimama. Sikuwepo, nawapa nilivyopewa. Lakini mzee yule alipokuwa anaonyesha kwa mikono jinsi picha ilivyoinuliwa, alikuwa anainua kiganja kuelekea taa ya kibanda chake.

Mei 2004 Congress ikapata viti 185 kati ya 294. Tarehe 14 akaapishwa uwanjani, Lal Bahadur Stadium, na faili la kwanza alilosaini ni la umeme wa bure kwa wakulima.

Sasa rufaa za dada Nesi.

Waziri Kiongozi ana mfuko wa misaada, na kila asubuhi ofisi yake ya nyumbani Begumpet ilijaa watu wenye maombi. Maombi mengi yalikuwa ya matibabu: moyo, saratani, figo. Alianza kuwalipia mmoja mmoja. Watoto wenye matatizo ya moyo ya kuzaliwa wakatengewa utaratibu wao. Kati ya 2004 na katikati ya 2007 walioidhinishiwa kupitia mfuko huo walipita elfu hamsini. Hapo ikaonekana wazi kwamba ule si msaada tena, ni hitaji la jimbo zima linalopitia mlango wa mtu mmoja.

Ndiyo ikaja Aarogyasri. Ilianza 1 Aprili 2007 kwa wilaya tatu, Mahbubnagar, Anantapur na Srikakulam, wilaya za watu wa chini kabisa, na kufikia 2008 ilikuwa imeenea jimbo lote. Familia yenye kadi nyeupe ya mgao, yaani kadi ya wasiojiweza, wakati ule ilikuwa inalipiwa matibabu makubwa ya kulazwa hadi rupia 150,000 kwa mwaka, na 50,000 za akiba juu yake ikizidi. Mgonjwa halipi kwanza akarudishiwa baadaye. Hatoi kitu dirishani. Anakwenda hospitali yoyote iliyomo kwenye orodha, ya serikali au binafsi, ikiwemo zile kubwa za jijini ambazo mkulima alikuwa anaziona kupitia dirisha la basi tu.

Na kila hospitali iliwekewa mtu anayeitwa Aarogya Mithra, rafiki wa afya, anayekaa kwenye meza ya mapokezi kumshika mkono asiyejua kusoma. Kwangu mimi hiyo meza ndiyo inayoonyesha kwamba aliyeubuni mpango anaijua hospitali. Mtu wa hazina angeishia kwenye pesa. Aliyewahi kukaa upande wa pili wa foleni anajua mgonjwa maskini hupotelea kati ya geti na dirisha la kwanza.

Meza hiyo naijua kwa sababu nilikaa mbele yake siku nne. Agosti 2008 mama yangu aliletwa Hyderabad kubadilishiwa vali ya moyo. Hospitali siitaji. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na meza mbili zinazotazamana, yetu ya wageni kutoka nje, na ile nyingine yenye picha ya YSR ukutani. Kwenye benchi nilipakana na mkulima wa Mahbubnagar na mwanawe, tundu kwenye moyo, miaka sita au saba, kucha za bluu. Kadi yake alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki wa mchele, mara tatu. Kadi za kule zina picha ya familia nzima. Yule dada wa mezani akawa anaangalia picha, anamwangalia mtoto, anaangalia picha. Mtoto wa kwenye picha alikuwa amebebwa mgongoni, wa kichanga. Mama mtu akamgeuza kijana, akamshusha kola, akaonyesha alama ya kuzaliwa shingoni, kana kwamba kwenye picha ile ndogo ingeonekana. Dada akacheka kwa upole, akaisogeza karatasi. Baba akaweka dole gumba. Wino ulimbaki, hakujua aufutie wapi, akaufutia kwenye kilemba chake.

---

Kalamu Nyekundu (#5)

Ndugu Msafiri, umeandika vizuri na simulizi ya yule mtoto imenigusa. Lakini heshima ya jukwaa ni kusema yote, kwa hiyo naongeza upande ambao umeupitia juu juu.

Kwanza, pesa za Aarogyasri ziliishia wapi? Sehemu kubwa ilikwenda hospitali binafsi. Serikali ikawa inalipia upasuaji wa moyo jijini huku kituo cha afya cha kijijini hakina dawa ya presha. Watafiti wa India wenyewe wameliandika hili: mtu maskini anafilisika zaidi kwa dawa za kila mwezi na vipimo vya nje kuliko kwa kulazwa, na mpango ule haukugusa huko. Likaja na suala la wanawake kutolewa vizazi kwa wingi, wengine wadogo kiumri, kwa sababu mfuko unalipa. Baadaye serikali ikaamua baadhi ya upasuaji, huo ukiwemo, ufanyike hospitali za serikali peke yake.

Pili, mwanawe. Y. S. Jagan Mohan Reddy alikamatwa na CBI, wapelelezi wa serikali kuu ya India, Mei 2012, akakaa mahabusu miezi 16, kwa tuhuma kwamba wafanyabiashara waliwekeza kwenye kampuni zake ili wapate ardhi na leseni kutoka serikali ya baba yake. Yeye anakana, na kesi zipo mahakamani. Lakini huwezi kusimulia utawala wa YSR ukaliacha hilo.

Tatu, wewe mwenyewe umetaja mabomu ya Rayalaseema. Mtu aliyekulia humo na akatawala humo hawezi kutenganishwa nayo kwa sentensi moja.

---

Nesi wa Zamu (#6)

Hapo kwenye kizazi naunga mkono kwa asilimia zote. Ukilipa kwa kila upasuaji, upasuaji utaongezeka. Haijalishi aliyeanzisha ana moyo gani. Mwanamke anakuja na maumivu ya tumbo la chini, anahitaji dawa ya wiki mbili, anaondoka bila kizazi akiwa na miaka 28. Na hakuna wa kumwambia kwamba kulikuwa na njia nyingine, kwa sababu aliyepaswa kumwambia ni yule wa kituo cha kijijini ambaye hayupo au hana vifaa.

---

Msafiri wa Deccan (#7)

Kalamu, nakushukuru, na sina cha kubishia kwenye la kwanza. Ni kweli tupu. Nimelifikiria miaka mingi na nadhani kasoro hiyo nayo imetoka wodini, kama ule wema ulivyotoka wodini. Daktari wa tiba hufikiri kwa mgonjwa aliye mbele yake. Huyu hapa anakufa, ana tundu kwenye moyo, naweza kumwokoa, namwokoa. Maelfu ambao hawajaumwa bado, ambao maji safi na kliniki ya presha vingewazuia wasifike hospitali, hao hawana sura. Hawaji Begumpet asubuhi na vyeti. YSR aliiona rufaa iliyokunjwa mfukoni, akailipia. Lile lililomfikisha mgonjwa kwenye rufaa alilishughulikia kidogo.

Ingawa kidogo si sifuri. Kulikuwa na 104, magari yaliyozunguka vijijini kwa siku maalumu kupima wajawazito, sukari na presha. Na kulikuwa na 108, gari la wagonjwa la bure kwa kupiga simu. Hiyo ilianza 15 Agosti 2005, mwanzilishi akiwa Ramalinga Raju wa kampuni ya Satyam, serikali ikashirikiana nao na kuibeba hadi vijijini. Januari 2009 Raju akakiri kughushi hesabu za Satyam, ikawa kashfa ya taifa, watu wakadhani magari yatasimama. Hayakusimama. Yalipata msimamizi mwingine, namba ikabaki ile ile, na majimbo mengi ya India yakaichukua. Niliwahi kupiga 108 mwenyewe, mwenzetu alipogongwa na pikipiki mtaa wa Tarnaka, Hyderabad. Aliyepokea simu aliniuliza kwa Kitelugu, nikakwama, akaingia Kihindi, nikakwama, akaingia Kiingereza, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

La pili, tuhuma ni nzito na mahakama ndiyo ya kuzimaliza. Mimi sitamsafisha mtu kwa sababu mtoto wa jirani yangu wa benchi alipona.

La tatu, nitaongeza jambo moja tu. Watu wa Kadapa wanakumbuka kwamba baada ya baba yake kuuawa, damu zaidi ilitarajiwa. Kuna wanaosema alizuia watu wake, kuna wanaosema vinginevyo. Kwa kuwa sina uhakika, naishia hapo.

---

Mzee wa Kumbukumbu (#8)

Vijana mnajadili vizuri. Mimi nimwongeze mwingine, maana YSR hakuwa wa kwanza India.

Bidhan Chandra Roy, tabibu wa Calcutta, Waziri Kiongozi wa West Bengal kuanzia 1948 hadi 1962. Huyu alikuwa bingwa hasa, aliyekuwa akimtibu Gandhi. Alipokubali madaraka aliendelea kuona wagonjwa kila asubuhi bila malipo kabla ya kwenda ofisini, miaka yote ile. Alizaliwa 1 Julai 1882 na akafariki 1 Julai 1962, tarehe ile ile, ndiyo maana India inaadhimisha Siku ya Madaktari kila 1 Julai.

Mkilinganisha wawili hawa mtaona tofauti. Roy aliendelea kuwa daktari pembeni ya kutawala: asubuhi mgonjwa, mchana miji mipya na viwanda, Durgapur na Salt Lake ni mipango yake. YSR kipimo alikiweka chini tangu 1978, lakini udaktari ukaingia ndani ya serikali yenyewe. Sijui kipi ni bora. Roy aliwagusa wale waliofika mlangoni kwake, na mlango ulikuwa mmoja.

---

Mkulima Halisi (#9)

Mzee shikamoo, hiyo ya tarehe moja sikuijua. Msafiri, alikufaje? Nasikia ni ndege.

---

Msafiri wa Deccan (#10)

Marahaba apewe mzee wetu, na asante kwa Roy.

Ni helikopta, Mkulima. Aprili na Mei 2009 alikuwa ameshinda tena, viti 156, safari hii peke yake dhidi ya muungano wa Naidu, na pia dhidi ya chama kipya cha mcheza filamu Chiranjeevi. Hata Delhi ilimtegemea, maana jimbo lake lilitoa wabunge 33 wa Congress kati ya 42. Akasema anataka kwenda vijijini bila taarifa ndefu, akae na watu barazani, wamwambie mpango upi umewafikia na upi haujawafikia. Kituo cha kwanza kilikuwa wilaya ya Chittoor.

Jumatano, 2 Septemba, waliruka kutoka uwanja wa ndege wa Begumpet asubuhi, watu watano: yeye, katibu wake, mkuu wa ulinzi na marubani wawili. Mvua ilikuwa kubwa. Kabla ya saa nne mawasiliano yakakatika juu ya msitu wa Nallamala. Siku nzima hakuna habari. Jeshi, polisi, ndege za Sukhoi zenye vifaa vya kutambua joto, picha za satelaiti, na wakazi wa msituni wanaojua njia. Ilikuwa moja ya operesheni kubwa kabisa za utafutaji India ilizowahi kufanya. Usiku ule hosteli nzima ililala sebuleni kwenye runinga. Mlinzi wetu alikataa kuingia ndani, alikaa kibandani na redio ndogo amebana sikioni, mvua ikimnyeshea miguu.

Asubuhi ya tarehe 3 wakayaona mabaki juu ya kilima msituni humo. Wote watano walikuwa wamekufa. Alikuwa na miaka 60.

Maduka yalifungwa. Magazeti yakaripoti watu waliokufa kwa mshtuko, na wengine waliojitoa uhai, idadi iliyotajwa ilipita mia moja. Nimeona wasomi wakiipinga idadi hiyo, sitaing'ang'ania. Nilichokiona kwa macho yangu ni foleni ya Lal Bahadur, uwanja ule ule alioapishwa, watu wakiingia kumuaga, na wazee wengi walishika kadi zao nyeupe mkononi. Hakuna aliyewaambia wazibebe. Akazikwa Idupulapaya, kwao, tarehe 4.

Mwanawe alijitenga na Congress akaanzisha chama chake, akashinda kuwa Waziri Kiongozi wa Andhra Pradesh 2019 na kushindwa 2024. Aarogyasri ilibaki pande zote mbili, Andhra na Telangana, chini ya serikali za vyama tofauti, ikibadilishwa jina na kurudishiwa. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Na mwaka 2018 serikali kuu ya India ikaanzisha bima ya kulazwa kwa maskini wa nchi nzima, rupia 500,000 kwa familia kwa mwaka, mtindo ukiwa ni ule ule wa kadi na hospitali zilizoorodheshwa. Na kasoro ya Kalamu imehamia nayo.

---

Kalamu Nyekundu (#11)

Hapo kwenye wazee na kadi zao sina neno. Bado nasimama kwenye hoja zangu, lakini sina neno.

---

Nesi wa Zamu (#12)

Kaka, umetuacha na mtoto kwenye benchi. Alifanyiwa? Na mama je?

---

Msafiri wa Deccan (#13)

Samahani dada, kweli nimewaacha.

Alifanyiwa siku mbili baada ya mama. Nilimkuta wodini amekumbatia mto kifuani, wanawafundisha kuubana ili wakikohoa kidonda kisivute. Kucha zilikuwa zimebadilika rangi. Alikuwa anazitazama mwenyewe, anaweka kidole kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha.

Mama naye alitoka salama, akaishi miaka kumi na moja mingine.

Siku tunaondoka, baba wa mtoto alinisindikiza hadi kwenye lifti pamoja na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anatutafsiria. Aliniona nimeshika rundo la risiti, za maabara, za damu, za kitanda, akauliza kwetu hizi analipa nani. Nikamwambia ndugu. Akauliza ndugu wangapi. Nikaanza kumhesabia: kaka mkubwa aliyeuza kiwanja, mjomba, shangazi wawili, watu wa kanisani kwa mama, wenzangu wa chuoni. Alikuwa anakunja vidole kila nikitaja mmoja, na vidole vya mkono wa kwanza vilipokwisha akahamia wa pili, ule wenye dole gumba la wino.